Saluti ya Mnadani

Uhamisho wa jeshi haukuulizi unasali wapi. Mmeambiwa mripoti Arusha, mnafunga vyombo, na suala la kanisa mnalikuta huko huko, kabla hata hamjamjua muuza mkaa.

Mimi nimelelewa kwa Wabenediktini wa Peramiho, watawa wa Kikatoliki. Mume wangu ni Mmeru wa Akeri, ambako mwaka 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa. Leo ukimwambia mtu wa Akeri aache Ulutheri, atakayeshikiwa mkuki ni wewe. Kwa hiyo dhehebu halikuwa na mjadala. Tulichovutana ni ibada ya kambini au ya mjini.

Ya kambini ni hatua chache kutoka kota, nauli hakuna. Ila mume wangu ni koplo, na pale hasali, yuko lindoni. Mchungaji mwenyewe ana nyota begani. Akisema "tusimame", kanisa zima linasimama kwa kishindo kimoja. Siku moja mchungaji alimtazama usoni akasema, "Bwana Yesu asifiwe!" Baba Neema akajibu, "Ndiyo, afande!" Watoto walicheka mpaka baraka ya mwisho.

"Mama Neema, twende mjini," akaniambia jioni. "Jumapili nataka niwe Baba Neema tu."

Tukapanda kifodi, tumebanana na vitenge vyetu vya pasi. Ibada ndefu, wageni tukasimamishwa, tukapigiwa makofi. Kisha nje, mnada. Asiye na fedha huleta alichonacho shambani: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, parachichi, kibuyu cha maziwa. Vinanadiwa, fedha inakuwa sadaka. Ukienda na bei za soko la Kilombero kichwani, utaumia.

Akaletwa jogoo mwekundu, Baba Neema akampenda.

"Kumi na tano!"

Nyuma yetu, sauti: "Ishirini."

"Thelathini!"

"Arobaini."

Nikamfinya. "Huyu mzee ana dharau," akaninong'oneza, "anadhani wageni hatuna hela." Akapaza sauti: "Hamsini!"

"Sitini."

Ndipo akageuka amtazame vizuri huyo mzee wa kofia ya pama.

Alikuwa meja wake.

Mkono ukapanda wenyewe. Saluti kamili, visigino vimegongana, ndani ya suti ya harusi, kichwa wazi. Hata mimi wa kota najua hakuna saluti ya kichwa wazi. Lakini mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi hakuona saluti. Aliona mkono.

"Sabini kwa mgeni wetu! Sabini ya kwanza..."

Mkono haukushuka. Askari hashushi mpaka mkubwa aitikie, na meja alikuwa amekunja mikono kifuani, mabega yanacheka.

"Themanini! Mgeni anajipandishia mwenyewe, haleluya!"

Wamama wakapiga vigelegele. Elfu themanini, jogoo mmoja, na nusu yake ilitoka kwenye hela yangu ya kikoba. Mzee akauliza kama tunaondoka naye au tunamzawadia mtu. Baba Neema, jasho linamtiririka katika baridi ya Julai ya Arusha, akasema, "Apewe afande!"

Meja akampokea jogoo, akamkagua kucha na kishungi kama yuko gwarideni, kisha akatangaza, "Namrudisha mnadani."

Watu wakashangilia upya. Mume wangu akatumbukiza mikono yote miwili mfukoni, na hakuitoa hata mchungaji alipokuja kumpa mkono wa karibu. Alimwinamia tu.

Tumeamua tutabaki usharika ule ule, ila tutasali ibada ya kwanza, kwa kuwa meja husali ya pili. Juzi mama mchungaji ameniambia mnada huwa baada ya zote mbili. Baba Neema bado sijamwambia.