Mtoto asiye na makaratasi na fomu ya fedha za chuo

Tarehe 4 Juni 2025 Idara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Texas ikitaka sheria yake ya ada za vyuo ifutwe. Texas haikujitetea. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, alikubaliana na mlalamikaji, Jaji Reed O'Connor akatia saini, na siku haijaisha sheria iliyodumu miaka 24 ikawa imezikwa. Wanafunzi waliokulia huko bila makaratasi, yaani bila kibali cha kuishi Marekani, waliokuwa wakilipa ada nafuu ya wakazi wa jimbo na kuomba ruzuku zake, wakahesabiwa watu wa nje. Ada ya mtu wa nje katika vyuo vingi vya Texas ni zaidi ya mara mbili.

Kinachoshangaza ni kwamba Texas ndiyo iliyoanzisha mambo haya. Sheria hiyo ilitiwa saini mwaka 2001 na Rick Perry, gavana wa chama cha Republican. Alipogombea urais mwaka 2011 aliitetea kwenye mdahalo, akasema wanaopinga kuwasomesha watoto walioletwa bila hiari yao hawana moyo. Kauli hiyo ilimgharimu sana kwa wapiga kura wa chama chake mwenyewe.

Msingi wa suala lenyewe ni huu. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule za umma haziwezi kumfukuza mtoto kwa sababu hana makaratasi. Kwa hiyo anasoma bure mpaka amalize sekondari. Baada ya hapo yuko peke yake. Sheria za 1996 zilimzuia kupata fedha za serikali kuu, zile zinazoombwa kwa fomu ya FAFSA, ila zikayaachia majimbo nafasi: jimbo likitaka kumsaidia kwa fedha zake, litunge sheria inayosema hivyo waziwazi. California, New Mexico, Washington, Minnesota, New York, Illinois, Massachusetts na mengine yakatunga. Georgia na South Carolina yalikwenda upande wa pili kabisa.

Kwa wasomaji wetu, tofauti moja ni muhimu. Familia za Kikongo zilizopelekwa Marekani kama wakimbizi hazimo katika habari hii. Watoto wao wanaruhusiwa kujaza FAFSA na kupata fedha hizo sawa na raia. Anayehusika ni mtoto wa Mkenya au Mtanzania aliyeingia kwa visa ya matembezi ikamwishia, au yule ambaye ombi la hifadhi la wazazi wake bado halijajibiwa. Na asitegemee DACA, mpango wa Rais Obama wa 2012 wa kuwakinga na kufukuzwa nchini walioletwa wakiwa watoto. Ulimtaka mtu awe amekuwepo Marekani tangu Juni 15, 2007. Wengi wanaomaliza sekondari sasa walikuwa hawajazaliwa siku hiyo.

Wanaopinga wana hoja, na si haki kuwaita wote wabaguzi. Ya kwanza ni ya kisheria. Bunge la Marekani lilisema mwaka 1996 kwamba jimbo lisimpe asiye na makaratasi nafuu ya chuo kwa kigezo cha ukazi, isipokuwa raia wa popote nchini aipate pia. California ilipita pembeni: haikuandika ukazi, iliandika miaka mitatu ya sekondari ndani ya jimbo na cheti cha kumaliza. Mahakama ya Juu ya California ilikubali mwaka 2010, na mwaka uliofuata ile ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa. Mimi naona ni werevu wa wanasheria zaidi ya nia ya waliotunga sheria ya 1996. Lakini si hila tupu. Raia aliyesoma sekondari California, wazazi wakahamia Nevada, naye anaondolewa ile nyongeza ya ada ya mtu wa nje, ambayo katika Chuo Kikuu cha California ni zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka.

Hoja ya pili ndiyo inayonipa tabu: fedha hazitoshi. Mzazi raia, maskini, ambaye mwanawe amenyimwa ruzuku, haoni kwa nini apangwe foleni moja na mtu ambaye sheria inasema hakupaswa kuwepo. Wanaotetea hujibu kwamba wasio na makaratasi nao wanalipa kodi, na ni kweli: ITEP, taasisi ya utafiti wa kodi, ilikadiria dola bilioni 96.7 kwa mwaka 2022 pekee. Ila jibu hilo halimwongezei yule mzazi hata senti. Jibu la maana liko katika namna sheria inavyoandikwa. Sheria ya California ya 2011 ilipopitishwa iliweka kwamba ruzuku zinazogombewa kwa ushindani ziwafikie wanafunzi hawa pale tu zinapobaki baada ya wengine kupata. Jimbo lenye kinga kama hiyo linaweza kumtazama mlipakodi usoni. Lenye fungu dogo linalogawiwa kwa wanaowahi halina ujasiri huo, na watetezi wangefanya vizuri kulikiri.

Ya tatu ni kwamba akimaliza hawezi kuajiriwa, kwa hiyo fedha zinapotea. Sergio Garcia, aliyeletwa California kutoka Mexico akiwa mtoto, alifaulu mtihani wa uwakili mwaka 2009 akasubiri mpaka Januari 2014 ndipo mahakama ikaruhusu apewe leseni. Hata hapo hakuna kampuni iliyoweza kumwajiri kihalali, ilimbidi ajitegemee. Ni kikwazo kweli, ila kimewekwa na sheria ya ajira ya serikali kuu, wala si chuo kilichomsomesha.

Katika mabishano yote hayo, fomu yenyewe haizungumzwi, na mimi naona ndiko mtoto anakookolewa au kupotea. Chukua binti aliyeletwa Lowell, Massachusetts, akiwa na miaka sita. Mwalimu anaambia darasa zima lijaze FAFSA. Anafungua simu, anafika kwenye swali la uraia. Amekulia hapa, visa yake iliisha lini hajui, nyumbani halizungumzwi. Anabonyeza kwamba ni raia. Tangu 1996, kujidai raia wa Marekani kwa uongo ili upate manufaa ni kosa linaloweza kukufungia grinkadi maisha yako yote, hata ukiolewa na raia, na msamaha wake karibu haupo. Hakuna aliyemtakia mabaya. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba fomu yake ni nyingine: Massachusetts ina MASFA, Washington ina WASFA, California ina yake ya Dream Act, ambayo muda wake muhimu huishia Machi 2. Hizo zinakwenda kwa jimbo, na asiye na namba ya Social Security hatakiwi kuitunga.

Ndiyo maana ile kauli kwamba kuwasaidia kujaza ni kuchochea uvunjaji wa sheria hainiingii. Mwenye kujua anapokaa na mwanafunzi, uongo unapungua.

Lakini kuna upande wa pili, nao ni mzito. Aliye chini ya miaka 24 kwa kawaida lazima ataje kipato cha wazazi. Mama analea wazee majumbani, analipwa taslimu, na anamwambia: "Mwanangu, jina langu usiliweke huko." Zamani mshauri wa shule angemtuliza. Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya kodi, IRS, ilitia saini makubaliano ya kuwapa maofisa wa uhamiaji taarifa za walipa kodi, watu walioambiwa kwa miaka mingi kwamba siri zao ziko salama. Baada ya hapo nani amlaumu mama? Sheria ya FERPA inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, lakini hati ya mahakama inaweza kuzifungua. Msaidizi anayeahidi usalama kamili anaahidi asichokuwa nacho.

Kwa hiyo naunga mkono ruzuku, na naunga mkono msaada wa kujaza, kwa sharti kwamba msaidizi aeleze hatari kwanza, aulize hali ya uhamiaji faraghani na asiiandike popote, na akikwama ampeleke mtu kwa wakili wa uhamiaji. Shule zinazojisifu kwa idadi ya fomu zilizojazwa zinanitia wasiwasi. Idadi haisemi nani alishinikizwa.

Mtihani mgumu zaidi ni wa familia iliyochanganyika: mtoto ni raia, wazazi hawana makaratasi. Ruzuku ya Pell, ya serikali kuu, inayofika dola 7,395 kwa mwaka, hupatikana kwa FAFSA peke yake, na fomu hiyo sasa inamtaka mzazi afungue akaunti kwa jina lake. Mwaka 2024 California iliziruhusu familia hizo kutumia fomu ya jimbo, zikipata fedha za jimbo na kuiacha Pell. Mshauri aweke hesabu zote mbili mezani. Pell ya mtoto huyo, ikikataliwa, ikataliwe na mama mwenyewe.