Jarida la muziki Chuga, lisilopokea bahasha

Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia Arusha, yaani Chuga yetu, mwaka 1970 wakaanzisha bendi ya Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka uliofuata walikuwa Nairobi, na huko ndiko ilikozaliwa Simba Wanyika, bendi ambayo mpaka leo ikipigwa kwenye baa za Kaloleni wazee wanaacha bia mezani na kuinuka. Sasa niambie: hapa mjini walikuwa wanapiga ukumbi gani? Vyombo vilikuwa vya nani? Ni kitu gani kiliwaondoa mapema hivyo? Ukitaka kujua, tafuta mzee aliyekuwa kijana wakati ule, mnunulie soda, halafu omba Mungu kumbukumbu zake ziwe bado nzima.

Ungedhani tulijifunza. Mwaka 1996 wakaibuka X Plastaz, vijana wa hapa hapa, wakichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitoka mwaka 2004 kupitia lebo ya Ujerumani. Faza Nelly, mmoja wao, akauawa mwaka 2006. Kijana wa leo anayechana mistari ya rap mtaani Ngarenaro akitaka kusoma habari zao, mengi atakayoyakuta ni ya Kiingereza, yameandikwa na watu wa mbali. Siwalaumu watu hao hata kidogo. Wangenyamaza na wao, tungebaki na nini?

Ndiyo maana nasema Arusha na Moshi zinahitaji jarida dogo la muziki, la Kiswahili, la karatasi, linalolipiwa na wasomaji wake. Na kumbukumbu ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine inauma zaidi: kwenye hip hop yetu hakuna anayethubutu kuandika kwamba albamu fulani ni mbovu.

Tunajisifu kuwa sisi ni mji wa ukweli. Toka enzi za makundi ya Nako 2 Nako, Watengwa na River Camp, mpaka kundi la Weusi lilipoiteka nchi nzima, sifa ya Chuga imekuwa kwamba huku mtu anachana anachokiamini. Sawa. Lakini soma kinachoandikwa kuhusu muziki huo. Ni pongezi mwanzo mpaka mwisho: "kaka umetisha", "moto wa kuotea mbali", "mkono juu kwa legend". Aliyezoea kuwachana wanasiasa kwenye mistari yake, ukimwambia ubeti wake wa tatu umekariri ule wa kwanza, anakuona una wivu, au umetumwa na kambi nyingine. Chalii yangu, nani anayetumwa kusikiliza nyimbo kumi na nne za mtu asiyemjua?

Sehemu ya tatizo ni bahasha ya pesa. Kila aliyewahi kushika kalamu kwenye uzinduzi wa albamu anaijua. Inaitwa nauli, inaitwa maji ya kunywa, na anayeitoa mara nyingi hana hata nia mbaya. Anaona ni heshima kwa mgeni. Ila ukishaiweka mfukoni, makala imeshaandikwa kabla hujafika nyumbani. Redioni nako wasanii wadogo wana simulizi zao za nani wa kuonwa ili wimbo ugongwe mchana badala ya saa tisa usiku. Wafadhili nao wana namna yao. Jarida likilipiwa na mradi, kila toleo lazima liwe na ujumbe kwa vijana, na rapa anayeandika vizuri kuhusu uvivu, mapenzi ya hovyo au usiku wa mtaa wa Unga Limited usio na funzo lolote, hana ukurasa.

Kwa hiyo swali la kwanza la jarida huru ni nani analipa fotokopi. Mengine yote, mtindo, picha, majina makali, yanafuata baadaye.

Wenzetu wa mbali walishapita njia hii. London, Julai 1976, karani wa benki aitwaye Mark Perry alianzisha Sniffin' Glue kwa taipureta na kalamu ya wino mzito, kurasa chache za fotokopi kuhusu muziki wa punk ambao magazeti makubwa hayakujua yaufanyie nini. Mwaka uliofuata akalifunga mwenyewe, na bado linatajwa. Maximum Rocknroll la California lilitoka kwenye karatasi tangu 1982 hadi 2019 kwa kazi ya watu wa kujitolea, na lilikataa katakata matangazo ya lebo kubwa. The Wire la Uingereza linamilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe. Wa kwanza kati yao ndiye ananivutia zaidi, kwa sababu hakusubiri ofisi.

Tufanye hesabu ya steshenari. Karatasi nne za A4, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati, zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Hizo ni kopi nane. Tuseme kila kopi ni shilingi 100, kijitabu kimoja kimekula 800, na ukipeleka kazi ya nakala 200 mwenye mashine atakupunguzia. Uza 1,500. Hakuna atakayejenga Njiro kwa biashara hii, lakini toleo la pili litatoka bila kumpigia mtu magoti. Mzigo wa Moshi unampa kondakta wa Coaster asubuhi; ni kilomita 80 hivi, na mchana vijana wa Majengo na Pasua wanalo mkononi. Liuzwe kwa vinyozi, na kwenye vile vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, ambako, kwa maoni yangu, ndiko iliko chati ya kweli ya muziki Tanzania.

Najua nitakachojibiwa: karatasi ya nini wakati kila mtu ana simu? Simu ni nzuri kwa kutangaza. Kwa kutunza, hapana. Akaunti inadukuliwa, mwenyewe anagombana na meneja na kufuta picha zote, na maneno marefu yanafunikwa na video ya mtu anacheza. Tena mtandaoni si bure kama tunavyodhani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwanablogu alipie leseni, jumla ikipita shilingi milioni mbili. Karatasi nayo ina sheria yake, ile ya Huduma za Habari ya 2016, hivyo atakayeanza aende kuuliza utaratibu mapema, asije akafungiwa na toleo la kwanza likiwa bado lina joto la mashine.

Ndani kuwe na nini? Hip hop, bila shaka, lakini isiwe hip hop tupu. Nataka kusoma kuhusu marasta wa reggae, waimbaji wa Kimaasai wanaorekodi kwa kinanda na kusikika mpaka minadani bila kutajwa na redio yoyote ya Dar, mchoraji wa mgongo wa daladala, fundi wa spika. Nataka mahojiano na prodyuza kuhusu ngoma yake ilivyogongwa, siyo kuhusu mchumba wake. Udaku una magazeti yake na yanajitosheleza. Na kila toleo liwe na angalau uchambuzi mmoja usiopendeza, wenye jina la mwandishi chini yake. Asiyeweza kusaini asiandike.

Mhariri asiwe rapa, asiwe meneja, asiwe na studio. Ningependa awe dada, kwa sababu kwenye vilinge vyetu vya kuchana wadada wamesikiliza miaka yote hii wakiwa wamesimama nyuma, na sijawahi kuona anayewauliza wamesikia nini. Wapo wanaoweza kukutajia rapa gani anarudia mistari tangu 2009 na aliitoa wapi. Apewe funguo na daftari la mauzo, na msanii akija na bahasha, imlipie matangazo ya ukurasa wa nyuma kwa risiti, bei moja na mwenye saluni.