Tusing'oe Shina Zima kwa Mgomba Mmoja Unaoumwa

Mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa Kagera wanauita unyanjano, unaletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa jamii moja na mgomba, ukaonekana kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Mkulima huona ndizi zimeiva kabla ya wakati huku jirani zake kwenye chane ileile zingali bichi. Akipasua tunda hukuta nyama yake imegeuka kahawia, na akikata mgomba hutoka utomvu wa manjano unaofanana na usaha. Panga lililogusa utomvu huo likipita kwenye mgomba mzima bila kusafishwa, tayari limepanda ugonjwa.

Kwa muda mrefu ushauri ulikuwa kung'oa shina zima, yaani mgomba unaoumwa pamoja na machipukizi yake yote, na kuyafukia. Naheshimu nia yake, lakini ulimtwisha mkulima mzigo asioumudu. Mama mwenye kibanja kidogo, anayelisha watoto kwa ndizi hizo hizo, hawezi kuchimba mashina mazito peke yake wala kulipa vibarua, tena akiona anafukia na machipukizi ambayo bado ni ya kijani kibichi. Si ajabu wengi waliacha ugonjwa uendelee.

Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba bakteria hao hawafiki kwenye kila chipukizi la shina. Kwa hiyo kukata usawa wa ardhi ule mgomba wenye dalili peke yake, na kurudia kila dalili mpya inapojitokeza, kunapunguza ugonjwa sana kwa nguvu ndogo. Wapo wanaohofu kwamba vimelea vitabaki vimejificha shinani. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana kibanja kikaguliwe kila wiki, panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kila baada ya mgomba mmoja, na ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokeza, kwa kuwa nyuki na wadudu wengine hubebea ugonjwa hapo.

Ninachowaomba mabwana shamba ni kufika vibanjani na kuonyesha kazi hii kwa mikono yao. Viongozi wa vijiji nao wasimamie jambo moja bila kulegea: chipukizi kutoka shina lililowahi kuumwa lisitolewe kuwa mbegu, hata kama anayeliomba ni ndugu.