Kabla ya Kubishania Spika, Sawazisha Volyumu

Mabishano ya vyombo vya muziki hapa Kisumu hayaishi. Huyu anaapa kuwa amplifaya ya zamani yenye transfoma nzito ndiyo yenye besi, yule anasema waya mnene umefufua spika zake, na mwingine anatamba na sabufa iliyoandikwa wati 10,000. Mengi ya mabishano haya hayahusu vyombo vyenyewe. Yanatokana na macho, volyumu na mahali mtu alipoketi.

Tuanze na volyumu. Cheza wimbo uleule kwenye amplifaya mbili, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ni nadra msikilizaji aseme kwamba hii imepazwa zaidi. Atasema ni safi zaidi, besi imejaa, magitaa yamejitenga. Ndiyo maana mlinganisho wa dukani hauthibitishi lolote muuzaji anapogusa volyumu kila akibadilisha mashine. Macho nayo ni mabaya zaidi. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman walichapisha jaribio ambalo watu walisikiliza spika zilezile wakiziona, kisha zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Alama walizotoa zilibadilika.

Jaribio la nyumbani halihitaji gharama. Pakua programu ya bure ya kupima desibeli, weka simu juu ya stuli pale kichwa chako kinapokuwa ukiketi, na usiisogeze tena. Cheza mvumo mmoja usiobadilika, si wimbo, urekebishe volyumu hadi amplifaya zote mbili zitofautiane kwa chini ya nusu desibeli. Mwenzako arushe sarafu kuchagua ipi iwake, wewe ukiwa umeipa mashine mgongo. Fanyeni mara 10, na kila mara utaje ni ipi inayocheza. Ukipatia 5 au 6, hujasikia tofauti. Sarafu yenyewe ingekupa hizo. Ukipatia 9, hapo una hoja, maana uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha ni kama asilimia moja tu. Kwa spika kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu kila jozi lazima isimame mahali palepale. Leso nyepesi mbele yake inatosha kuficha.

Wati nazo zimepotosha watu wengi. Usisome kasha, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikisema inavuta wati 60 kutoka kwenye umeme wa volti 240, usitarajie itoe mengi zaidi ya hizo 60 mfululizo, hata kasha liandikwe nini. Na kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 pekee. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa umeme uleule) wa desibeli 90 badala ya 87 inakupa nyongeza ileile bila kubadilisha amplifaya.

Kuhusu mashine za zamani sitakawia: nyingi ziliundwa vizuri, lakini kapasita zake, vile vikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani, hukauka kwa miaka. Mvumo wa umeme unaosikika hata volyumu ikiwa sifuri mara nyingi ni kapasita hizo. Mwambie fundi azipime kwanza ndipo usifie besi.

Chumba ndicho kinachonikera watu wakikisahau. Nyumba nyingi za kupanga katika mitaa ya Manyatta na Nyalenda ni futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3.05 kila upande. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo chumba hicho huvuma chenyewe kwenye hezi 56 hivi, yaani mitetemo 56 kwa sekunde. Uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa bila kubonyezwa ni hezi 55. Basi kwenye benga au rumba, noti hiyo ikifika chumba kizima kinanguruma, na zinazofuata zinanyauka. Umbo la mraba linazidisha tatizo, maana urefu na upana vinarundika mvumo mahali pamoja. Aliyeegemea ukuta anasikia besi inamzidi. Aliyeketi katikati ya chumba anasema hakuna besi kabisa. Wanabishania mashine ileile, na wote wawili wanasema kweli.

Ondoa spika kwenye kona. Ziache sentimita 30 hadi 60 kutoka ukuta wa nyuma, na umbali wa ukuta wa pembeni usilingane na huo. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Sabufa iweke juu ya kiti chako kwa muda, cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama. Pale noti zote zinaposikika sawa ndipo pa kuiweka. Zulia na mapazia vitapunguza mwangwi wa sakafu ya saruji, lakini havigusi besi. Kama mabati au silingi inatetemeka, cheza sauti nzito kutoka hezi 30 ukipanda polepole hadi 100, utaupata msumari uliolegea.

Waya? Shaba ya milimita 1.5 za mraba kutoka duka la vifaa vya ujenzi inatosha. Kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme, ni kama omu 0.12, kitu kidogo mbele ya spika ya omu 8. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, nunua mnene zaidi. Kosa la waya linaloua besi kweli ni kugeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika moja tu. Chomoa waya kwenye amplifaya, uguse ncha zake kwa betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwenye nyekundu. Koni za besi za spika zote mbili zinapaswa kuruka nje. Moja ikiingia ndani, geuza waya wa spika hiyo peke yake.