Stesheni ndogo za TAZARA: zifungwe au zibaki?

Kila fedha zinapobana, hoja hurudi ileile: stesheni za vijijini zifungwe, treni isimame mijini tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya kazi mbili za stesheni: kuhudumia abiria na kupishanisha treni.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa 1970–1975 kwa mkopo wa China, ikawekewa stesheni 147, yaani wastani wa chini ya kilomita 13 kati ya moja na nyingine. Njia ni moja, hivyo treni zinapokutana lazima moja iingie njia ya kupishana na kusubiri. Ukifunga stesheni ya katikati, kipande cha kilomita 13 kinakuwa 26. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 40 kwa saa itakaa humo karibu dakika 40, huku ya upande wa pili ikisubiri na dizeli ikiungua. Stesheni iliyotelekezwa nayo haibaki ilivyo: pointi za kuhamishia treni njia nyingine hushika kutu, majani hufunika reli, nyaya huibwa.

Lakini gharama ni za kweli. Zamu za usiku na mchana zinadai watu watatu au wanne, nyumba na maji. Kusimamisha treni nzito na kuiondoa tena mlimani kunakula mafuta na breki. Chimala na Rujewa, ambako barabara kuu ya Tunduma iko jirani na mabasi yanapita kutwa, dirisha la tiketi naona halina sababu kubwa ya kubaki.

Mlimba hadi Makambako ni habari nyingine kabisa. Huko reli inapanda milima kwa mahandaki na madaraja, na masika barabara za vijijini hugeuka tope. Mgonjwa, mchele na ndizi hutegemea treni. Kuwapima watu hawa kwa mapato ya tiketi pekee ni kuwaonea.

Tiketi zinaweza kukatwa ndani ya treni, mradi ukaguzi uwe mkali, maana fedha huvuja hapo. Magunia yapimwe na kuwekewa lebo kabla treni haijafika. Yakipimwa imeshasimama, dakika tano huwa ishirini, na treni zote za nyuma huchelewa.

Septemba 2024 hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii ilisainiwa Beijing. Mwekezaji hufuata faida, kwa hiyo vituo vya kipande cha Mlimba vitajwe kwa majina ndani ya mkataba, na serikali ilipie pengo la nauli.