Kabla ya Rangi ya Bati, Tuambiane Nani Atashika Ufunguo

Jumamosi iliyopita mkutano wa mtaa wetu hapa Arusha ulichukua saa tatu, na karibu saa nzima iliishia kwenye rangi ya bati. Eneo la kituo cha vijana limepatikana. Ombi la fedha litaingizwa kwenye bajeti ijayo. Kijana mmoja wa mtaani alichora ramani kwa kujitolea na kuibandika ukutani: ukumbi, ofisi mbili, stoo, vyoo, kibaraza. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi pamoja nao, maana jambo hili tumelisubiri sana. Tulipokaribia kufunga nikanyoosha mkono, nikauliza, "Mwenyekiti, ufunguo atakaa nao nani?" Akanijibu kwa upole, "Hilo, mwanangu, tutalijua jengo likiisha."

Namheshimu mwenyekiti wetu, ila kwa hili nampinga. Hilo ndilo la kwanza kujua, kabla hata ya kununua tripu moja ya mchanga.

Nikiwa na miaka 19 nilialikwa na wenzangu kwenye uzinduzi wa kituo kimoja, sitasema cha wapi. Tulivaa fulana mpya, utepe ukakatwa, soda zikagawiwa. Ndani mlikuwa na meza ya pool na kompyuta sita. Rafiki yangu, fundi cherehani, alizishonea kompyuta zile vitambaa vya kuzuia vumbi, vyeupe, pindo la uzi mwekundu. Miezi mitatu ya mwanzo tulikaa pale kama kwetu. Kisha mhudumu akahamishwa. Aliyekuja baada yake alifuata saa za ofisi: anafungua saa 1:30 asubuhi, anafunga saa 9:30 alasiri, Jumamosi na Jumapili hafungui kabisa. Sasa niambie, saidia fundi anashuka jukwaani saa ngapi? Anayeuza mitumba soko la Kilombero anakunja turubai lake saa ngapi? Tulikuwa tunafika saa 11 na kukuta kufuli. Umeme ukaisha kwenye mita na hakukuwa na mtu mwenye fungu la kununua uniti. Ufunguo ukaingia kwenye droo ya mtu, mtu akaenda likizo.

Mwaka uliofuata nilichungulia dirishani. Nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo kwenye kona ya meza ya pool. Vile vitambaa vilikuwa bado vimefunika kompyuta, vimegeuka rangi ya vumbi, lakini uzi mwekundu wa rafiki yangu ulionekana vizuri tu. Nilisimama pale muda mrefu. Sijamwambia mpaka leo.

Sidhani kama kuna mtu mmoja wa kulaumiwa kwa yale. Tatizo liko kwenye namna tunavyopanga. Fedha ya kujengea ni fedha ya maendeleo. Ikishalipa mkandarasi na jengo likazinduliwa, kazi yake imekwisha. Umeme, maji, mlinzi, sabuni ya choo na posho ya mhudumu vinatoka fungu jingine, la matumizi ya kawaida, na fungu hilo lisipoombwa mapema halijiombi lenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Jengo likikamilika Septemba na hakuna aliyeandika mstari wa umeme, mnakaa gizani mpaka Julai nyingine. Wafadhili nao wengi wako hivyo hivyo: ukuta utapigiwa picha, uniti za umeme hazina picha.

Ndiyo maana naomba ombi letu liandikwe likiwa na kurasa mbili: ya kwanza ya kujenga, ya pili ya kuendesha kwa miaka 3. Ukurasa wa pili ukikosa jibu, basi hata wa kwanza usubiri.

Wapo waliopendekeza ukumbi ukodishwe kwa harusi na send-off ili ujilipie gharama. Nasikia hoja yao, na fedha itapatikana kweli. Ila harusi ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo kijana anayefanya deiwaka anaweza kuwa na nafasi. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na ukumbi wa harusi wenye jina la vijana getini. Bora tujenge fremu mbili upande wa barabarani, moja apangishwe mama lishe, nyingine saluni, na kodi yake ilipe umeme na mlinzi, hesabu zikibandikwa mlangoni kila mwezi.

Saa za kufungua nazo zifuate maisha ya Arusha. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamtambua kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35. Yaani mwanafunzi wa sekondari na baba wa watoto wawili wako kundi moja. Mwanafunzi anahitaji meza na taa jioni. Mwenzake wa miaka 30 huenda ni mpagazi au mpishi wa safari: Julai na Agosti yuko mlimani au porini, humpati. Aprili na Mei mvua za masika zikishika na watalii wakipungua, yuko nyumbani, mfuko mtupu, siku nzima. Hapo ndipo darasa la Kiingereza, Kifaransa au huduma ya kwanza lingemfaa. Tukipanga mafunzo Agosti tutafundisha viti.

Kuna na habari ya mikopo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Machalii wengi wanaujua kwa kusikia tu. Kinachowashinda ni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki. Meza moja na mtu mmoja mvumilivu wa kuwaelekeza vingefanya kazi kubwa kuliko semina.

Dada yangu mdogo aliwahi kwenda kwenye kile kituo cha zamani mara moja. Nilimuuliza mbona hakurudi. Akasema, "Kaka, pale kibarazani kuna macho kumi na mawili, na choo hakina komeo." Vijana sita walikuwa wamekaa mlangoni, hawakumfanya lolote, walimtazama tu. Nilikuwa mmojawapo siku nyingine nyingi, na sikuwahi kufikiri. Kwenye ramani iliyobandikwa Jumamosi, mlango wa choo cha wasichana unatazamana na sehemu ya pool. Uhamishwe. Na mmoja wa washika ufunguo awe msichana.

Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge, lipo jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa humo kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, na wakati huo jengo lile lilikuwa ukumbi wa jamii. Napenda kulifikiria hilo nikipita pale. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji hili. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Kumbi za namna ile hazijaongezeka kwa kasi hiyo, na vijana wanakutana chini ya vibaraza vya maduka mpaka mwenye duka awafukuze.

Kwa hiyo pendekezo langu ni tuanze bila jengo. Tuombe darasa moja la shule iliyo jirani, saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, kwa miezi mitatu. Washika ufunguo wawili, daftari la mahudhurio, uniti za umeme tuchangishane. Tuone nani anakuja, saa ngapi, anataka nini, na nani haji. Kisha yule kijana wetu akae na daftari lile na achore ramani upya.

Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Nitauliza swali lile lile, na safari hii dada yangu amesema atakuja, azungumzie mlango mwenyewe.