Karakana ziwe wazi kila Jumamosi, sio siku ya uzinduzi tu

Kuna ushirika wa wasanii hapa Dodoma umeamua kufungua karakana zake kwa watu wote, yaani unaingia, unawakuta wenyewe wako kazini, unaangalia, unauliza maswali, ukitaka kununua unanunua na usipotaka unaaga unaondoka. Nimesikia watu wakisema ni jambo dogo tu, vinyago na picha si vinauzwa miaka yote. Mimi nasema ni jambo kubwa sana kwa mji huu na ningependa lisiishie kwenye hotuba na kupiga picha na mgeni rasmi.

Tatizo la sanaa yetu ni kwamba tunakutana nayo ikiwa imeshamalizika. Unaikuta dukani au imetandazwa chini pembeni mwa barabara, unaishika, unauliza bei, unaambiwa 80,000, unasema hapana nipe kwa 25,000, na muuzaji kwa kuwa hajauza tangu asubuhi anakupa kwa 35,000, wewe unaondoka ukijiona mjanja na msanii amekula hasara. Wala sisemi mnunuzi ana roho mbaya. Hajui! Hajawahi kuona ile kitu inavyotengenezwa, sasa atajuaje thamani yake?

Siku niliyokwenda kwenye karakana hizo nilikaa muda mrefu kwa mzee mmoja anayetengeneza ilimba, ile marimba ya mkono ya Kigogo. Alikuwa na misumari minene anaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha reli mpaka inalala bapa, mmoja mmoja, akimaliza anaupachika kwenye boksi la mbao, anaubonyeza kwa kidole gumba, anasikiliza, anausogeza kidogo sana mbele au nyuma, anasikiliza tena. Hana mashine ya kupimia sauti, anatumia sikio lake. Halafu kuna vitundu vidogo kwenye boksi, mimi siku zote nilidhani ni urembo, kumbe vinazibwa na utando mweupe wa buibui na ndio unaoleta ule mvumo unaousikia nyuma ya kila noti. Nikamuuliza babu, huu utando unaupata wapi, akaniambia mwanangu huu unatafutwa kwenye kuta za nyumba za zamani, nyumba mpya hazina. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, nadhani ni mwanafunzi wa chuo, aliuliza bei, akatajiwa, akasema sawa babu nitajipanga nije mwisho wa mwezi. Hakuomba apunguziwe hata mia.

Mlango wa pili kuna akina mama wa batiki. Nta inayeyuka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, mama anachora kwa brashi haraka haraka kabla haijapoa, kitambaa kinaingia kwenye rangi, kinaanikwa, kikikauka kinapigwa nta tena sehemu nyingine kinaingia kwenye rangi nyingine, na mwisho nta yote inatolewa kwa maji ya moto. Kitambaa chenye rangi nne kimepita huko kote mara nne, na wakikosea rangi ya tatu kazi ya siku nzima imeharibika. Ukishaona hivyo mdomo wa kusema "mama punguza" unakuwa mzito wenyewe.

Wahenga walisema chema chajiuza kibaya chajitembeza. Kwenye sanaa mimi sikubaliani nao kabisa, chema kikifungiwa ndani hakijiuzi kwa mtu yeyote.

Na hili jambo sio geni nchini. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, lakini wanafunzi na ndugu zake waliendelea kuchora pale Oyster Bay, Dar es Salaam, watu wakipita wanawaona na rangi zao mikononi, na 1990 wakasajili ushirika wao. Leo mtalii akishuka uwanja wa ndege anaulizia michoro ya Tingatinga kwa jina. Sisi wa kanda ya kati tuna nini cha kushindwa? Tuna michoro ya miambani ya Kondoa, pale Kolo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2006. Tuna zeze, tuna ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake, tuna marehemu Hukwe Zawose aliyezunguka dunia na muziki wa Kigogo mpaka anafariki 2003. Lakini mgeni akija Dodoma tunamfungashia zabibu na mvinyo tu basi.

Tena wageni sasa hivi wapo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa wa 1973 na tulisubiri sana, ila tangu tuwe jiji 2018 na treni ya SGR ianze kufika 2024 mji umejaa watumishi, wanafunzi, watu wa mikutano. Wengi wao Ijumaa jioni wako stesheni wanarudi Dar kwa sababu wanasema Dodoma wikiendi hakuna pa kwenda. Sasa pa kwenda si ndio hapa? Mtu aje na watoto, washike udongo, wapige ilimba, wale chipsi, warudi nyumbani.

Kuna wasanii wenyewe wanaogopa na hofu yao naielewa, wanasema tukifungua milango watu watakuja kupiga picha dizaini zetu kwa simu halafu wiki ijayo tunazikuta sokoni zimechapwa kwenye fulana. Ni kweli yanatokea. Mimi ningeshauri kazi mpya ibaki ndani hadi ikamilike, ikikamilika isajiliwe COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na mlangoni iandikwe wazi kwamba picha ni kwa ruhusa ya msanii. Kufunga karakana moja kwa moja hakumlindi mtu, kunamnyima wateja tu.

Halafu suala la hela. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Akina mama wa batiki wakijipanga kwenye kikundi wanaweza kuomba. Yule mzee wa ilimba sio kijana, hana ulemavu, haingii popote, kwa hiyo mlango wazi na mteja anayeingia ndio mkopo wake, na ndio maana nalisemea hili kwa nguvu zote.

Kwa hiyo viongozi wa ushirika nawaomba wachague siku moja, mimi nasema Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi na moja, na isibadilike iwe mvua iwe jua, maana mtu akija mara mbili akakuta geti limefungwa harudi tena. Waandike bei kwenye kila kitu. Na kibao kiwekwe barabarani, bodaboda wanaopaki pale kona niliwauliza na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ndani kuna karakana.